REDCap kwa rekodi za wagonjwa wa upasuaji wa sikio: maoni ya mtu anayekaa nayo kila siku

Kama idara yenu inafanya upasuaji wa masikio na kumbukumbu bado ziko kwenye daftari la chumba cha upasuaji pamoja na Excel iliyoko kwenye laptop ya daktari mmoja tu, hii rivyu ni yenu. Nazungumzia REDCap, programu ya databesi inayofunguka kwenye brauza, tunaitumia kwa wagonjwa wenye tundu kwenye ngoma ya sikio, kolesteatoma (ngozi inayoota ndani ya sikio la kati na kula mifupa), otosklerosisi (kifupa cha sikio kinaganda) na wale wanaowekewa kipandikizi cha koklea (kifaa cha kusikia kinachopandwa kwenye sikio la ndani). Mi niko upande wa data, yaani naingiza, nasafisha, halafu nawatolea madaktari wanapotaka kuona matokeo yao, kwa hiyo nitakayosema ni ya mtu anayekaa na fomu kutwa nzima. Niseme mapema kwamba naipa nyota 4 kati ya 5, na ile moja iliyobaki nitaieleza vizuri maana inahusu sikio lenyewe.

Kwa wasioijua, REDCap ilianzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani mwaka 2004, walilengwa watafiti wa tiba waliokuwa wanahangaika na karatasi na majedwali, leo inatumika kwenye nchi zaidi ya 100. Chuo au hospitali isiyofanya biashara inasaini makubaliano na Vanderbilt inapewa bila kulipia leseni. Ila bure hiyo ina masharti, huwezi wewe kama wewe ukaipakua ukaiweka kwenye laptop yako, lazima taasisi iwe na seva, iwe na mtu wa IT anayeelewa PHP (lugha ya programu) na MySQL au MariaDB (databesi za seva), afanye bekapu, afanye apdeti, afungulie watu akaunti na awafungie wanaoondoka. Kama mtu huyo hamnaye msianze kabisa, kwa sababu databesi isiyo na mwenyewe inakufa kabla hata mgonjwa wa kwanza hajafikisha mwaka tangu atoke kwenye operesheni.

Sasa tuje kwenye sikio. Kitu ambacho programu nyingi za hospitali hazikizingatii ni kwamba kwenye upasuaji huu kinachohesabiwa ni sikio, wala sio mgonjwa. Mtu mmoja ana masikio mawili, la kulia lina tundu, la kushoto lina kolesteatoma, la kushoto linafunguliwa kutoa ugonjwa, baada ya mwaka linafunguliwa tena kuangalia kama kuna kilichobaki na kutengeneza vifupa vya kusikia, na katikati hapo la kulia nalo likazibwa tundu. Ukiwa na jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mgonjwa habari hiyo haikai, watu wanaanza kuongeza safu, operesheni1, operesheni2, odiogramu3_kushoto (odiogramu ni karatasi ya kipimo cha usikivu), jedwali linarefuka kwenda kulia mpaka hakuna anayeona mwisho wake, na siku daktari akiuliza masikio mangapi yalikauka baada ya operesheni ya kwanza hakuna anayeweza kumjibu bila kurudi kufungua mafaili moja moja.

REDCap ina fomu zinazojirudia na hizo ndo zinaokoa. Fomu ya mgonjwa unajaza mara moja, namba yake, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, basi. Fomu ya operesheni unaiweka ijirudie, kila operesheni inapata fomu yake yenye tarehe na upande, na odiogramu hivyo hivyo, na kliniki hivyo hivyo. Upande liwe swali la kwanza na la lazima, kulia au kushoto, na msiweke kabisa jibu la "yote mawili". Akifanyiwa masikio yote siku moja unafungua fomu mbili. Watakwambia unawaongezea kazi, ni kweli unawaongezea, ila ukilegeza hapo hata mara chache tu baadaye utakuwa na operesheni ambazo hujui odiogramu ipi ni yake, na hakuna fomula itakayokurudishia hiyo habari, inabidi umuulize aliyekuwepo na mara nyingi keshahama.

Odiogramu ndo roho ya hii kazi yote kwa hiyo naomba mnivumilie hapa. Miongozo ya AAO-HNS, chama cha madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani, ya mwaka 1995 inataka uripoti wastani wa frikwensi 4, yaani 500, 1000, 2000 na 3000 Hz, kwa njia ya hewa (sauti inapitia tundu la sikio) na kwa njia ya mfupa (mtetemo unapitia mfupa wa kichwa moja kwa moja hadi sikio la ndani). Sehemu nyingi 3000 haipimwi, basi unachukua wastani wa 2000 na 4000 unauweka hapo. Rahisi kuisema.

Sasa chukua sikio lenye 60, 55, 50 halafu namba ya nne aliyepima hakuiandika, ilikuwa 75. Wastani wa kweli ni 60. Kwenye jedwali la kawaida ukijumlisha seli 4 ukagawa kwa 4, ile seli tupu inahesabiwa kama sifuri, unapata 41.25. Desibeli karibu 19 zimepatikana bila mgonjwa kusikia chochote kipya! Na ubaya wake ni kwamba kwenye usikivu sifuri haimaanishi hakuna kipimo, sifuri desibeli ni sikio linalosikia vizuri kabisa, kwa hiyo kila namba iliyosahaulika inamsogeza mgonjwa upande wa kupona. Ikitokea kwenye odiogramu za baada ya operesheni tu, daktari anaonekana fundi kuliko alivyo, ikitokea kwenye za kabla ya operesheni anaonekana ameharibu. Na namba yenyewe, 41.25, haina sura ya makosa hata kidogo, huwezi kuishtukia kwa macho.

REDCap ukiiandikia hesabu hiyo hiyo ya kujumlisha na kugawa kwa 4, ikikosa namba moja inakuachia sehemu ya jibu tupu. Haikupi kitu mpaka zote 4 ziwepo. Hiyo peke yake kwangu ina thamani kubwa kuliko rangi zote na grafu zote za programu nyingine. Ila kuna mtego wa kukaa nao macho, ukitumia fomula yake iliyo tayari inayoitwa mean, yenyewe inairuka iliyokosekana na kukupa wastani wa zilizopo, hapo kwenye mfano wetu utapata 55, ambayo ni afadhali kuliko 41.25 lakini bado sio 60, kwa sababu frikwensi za juu ndo mara nyingi mbaya zaidi na ndo hizo hizo zinazosahaulika. Kwa hiyo kwenye odiogramu andikeni alama za kujumlisha kwa mkono, mean ibaki kwa mambo mengine.

Kuna na hili la "hakusikia". Mgonjwa amepigiwa sauti mpaka mwisho wa mashine hakuitikia, mpimaji anachora mshale chini kwenye karatasi, wewe unaingiza nini? Nimeona sehemu watu wanaingiza kile kikomo cha mashine kama namba ya kawaida na wanaendelea na maisha. Kwa njia ya hewa madhara ni madogo kiasi, kwa njia ya mfupa ni balaa, kwa sababu mashine nyingi zinafika 120 kwa hewa ilhali kwa mfupa zinaishia karibu 70. Sikio lina 90 kwa hewa na kwa mfupa hakuitikia hata kwa 70, mtu akiandika 70 tayari databesi inasema kuna pengo la desibeli 20 kati ya hewa na mfupa, maana yake kuna kitu cha kurekebisha kwenye vifupa, wakati ukweli ni kwamba hatujui kama pengo lipo na huenda sikio la ndani lenyewe ndo limekwisha. Suluhisho kwenye REDCap ni kuweka kiboksi pembeni ya kila frikwensi cha "hakuitikia", kikitikiwa sehemu ya namba inajificha na wastani haukokotolewi. Inaongeza viboksi vingi kwenye fomu, ndiyo, fomu inakuwa mbaya kuangalia. Wekeni hivyo hivyo.

Halafu zuieni namba za ajabu. Kila sehemu ya desibeli ina mahali pa kuweka chini kabisa na juu kabisa, sisi tunaweka kuanzia hasi 10 mpaka 120. Mtu akigonga 550 badala ya 55 inamuonya palepale. Angalizo, inaonya tu haimzuii kusevu, kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa kupitisha ukaguzi wa data mara kwa mara, kuna sehemu yake maalumu inayokutolea orodha ya zote zilizo nje ya mipaka.

Pengo la hewa na mfupa nalo lina siri yake. Baada ya operesheni unatakiwa utumie hewa ya baada na mfupa wa baada, sio hewa ya baada kutoa mfupa wa kabla. Mfano, kabla ya operesheni hewa 50 mfupa 15, pengo 35. Baada, hewa 25 mfupa 10, pengo 15. Ukichukua mfupa wa zamani unapata 10. Desibeli 5 unaweza kuona sio kitu lakini matokeo yanaripotiwa kwa makundi ya 0 hadi 10, 11 hadi 20, 21 hadi 30 na zaidi ya 30, kwa hiyo sikio hilo moja limeruka kundi zima na limeingia kwenye lile ambalo kila mtu analiita mafanikio. Na mfupa kubadilika baada ya operesheni ni kitu cha kawaida, hasa kwenye otosklerosisi, ile notchi (bonde kwenye mstari wa mfupa) aliyoielezea mtaalamu wa usikivu Carhart karibu na 2000 Hz inapungua kikuku (kifupa cha ndani kabisa kati ya vile vitatu) kikirekebishwa. Kwenye REDCap hesabu hii inakaa ndani ya fomu moja ya odiogramu, hewa na mfupa vya siku moja, kwa hiyo mtu hawezi kuchanganya hata akitaka. Hapo muundo wa fomu unamlinda mtumiaji, na mi napenda sana programu inayofanya hivyo.

Fomu ya operesheni ndo ilipotuletea mabishano mengi, kila daktari ana lugha yake. Mmoja anaandika mastoidi (mfupa wa nyuma ya sikio) imefunguliwa ukuta wa njia ya sikio ukabaki, mwingine anaandika kwa kifupi alichojifunzia alikosomea, wa tatu anaandika hadithi ndefu nzuri ambayo huwezi kuihesabu. Msianze kubuni orodha yenu kutoka kichwani. Kuna mfumo unaitwa SAMEO-ATO, ulitolewa 2018 na kundi la kimataifa la International Otology Outcome Group, kila herufi ni swali moja: operesheni ni ya awamu ipi, uliingilia wapi, mastoidi ulifanya nini, ukuta wa njia ya sikio ulijengwa upya au la, shimo la mastoidi lilijazwa au la, sikio la kati uliingiaje, ngoma ya sikio ilifanywaje, vifupa vilifanywaje. Maswali 8, majibu ya kuchagua, yanaingia kwenye REDCap kama yametengenezewa humo. Kwa kolesteatoma ongezeni hatua za EAONO/JOS (vyama vya madaktari wa masikio vya Ulaya na Japani) za 2017, kuanzia ya kwanza ambapo ugonjwa uko sehemu moja, ya pili umesambaa sehemu zaidi ya moja, ya tatu umeleta madhara nje ya fuvu na ya nne umeleta madhara ndani ya fuvu. Hadithi ya daktari iachieni sehemu yake chini, msiifute, siku ya operesheni ya marudio hiyo hadithi ndo anayoisoma, hasomi viboksi.

Na hapa maswali yanayojificha yanafanya kazi nzuri sana. Ukichagua kwamba vifupa havikuguswa, maswali yote ya aina ya kifupa bandia, urefu wake na ilikaa juu ya nini yanapotea. Ukichagua kipandikizi cha koklea yanatokea ya modeli, namba ya kipekee ya kifaa (serial number), upande na elektrodi ziliingia zote au la. Ile namba ya kifaa msiikwepe, ikitokea mtengenezaji akatangaza kundi fulani lina kasoro ndo mtaitafuta usiku, na mgonjwa akija kuulizwa kabla ya MRI ni modeli gani iko kichwani mwake jibu liwe dakika moja. Neva ya uso pia, kipimo cha House-Brackmann cha mwaka 1985, daraja la 1 mpaka la 6, iandikwe kabla na baada kwa kila operesheni hata kama uso uko sawa kabisa, maana usipoandika 1 hakuna anayejua kama uso ulikuwa sawa au hakuna aliyeuangalia.

Kufuatilia wagonjwa ndo sehemu ngumu kuliko zote na hakuna databesi itakayoifanya kwa niaba yenu. Mgonjwa ambaye sikio limekauka na anasikia harudi, kwa nini arudi? Anayerudi ni mwenye usaha. Au kinyume chake, aliyeharibikiwa anaenda kutafuta msaada kwingine na nyie mnabaki na waliofurahi tu. Vyovyote vile asilimia mnayoiona sio ya wote mliowapasua. Kolesteatoma inaweza kurudi baada ya miaka mingi, kwa hiyo kusema "haikurudi" bila kusema mgonjwa ameonekana mara ya mwisho lini ni kujidanganya. Ndo maana nasisitiza muandike tarehe halisi, tarehe ya operesheni, tarehe ya kila kliniki, tarehe ya MRI, msiandike "mwaka 1 baada". Ukiwa na tarehe unaweza kupiga mahesabu ya Kaplan-Meier yanayozingatia kuwa kila sikio limeangaliwa kwa muda wake, ukiwa na "mwaka 1 baada" huwezi.

REDCap hapa inasaidia kwa ripoti. Unatengeneza orodha ya masikio yote yaliyopitisha mwaka tangu operesheni na hayana odiogramu ya baada, unampa nesi wa kliniki anaanza kupiga simu. Unaweza pia kuweka arifa za barua pepe, hata SMS kama taasisi imeunganisha huduma ya Twilio. Orodha hiyo ya kupiga simu kwangu ndo sababu kubwa ya kuwa na databesi, kuliko hata makala za utafiti, kuna mtu kwenye orodha ile ana kolesteatoma inayokua kimya kimya na hajui. Ila jamani mjue kitu kimoja, sehemu ya kukokotoa inayotumia tarehe ya leo haijisasishi yenyewe kila siku. Inakokotoa fomu inaposeviwa, au mkiendesha ule ukaguzi wa data unaoitwa Rule H. Ukitegemea sehemu ya "miezi tangu operesheni" iliyokokotolewa mgonjwa alipotoka wodini, itakwambia 0 milele na mgonjwa huyo hatatokea kwenye orodha ya kupigiwa simu.

Sasa ile nyota niliyoizuia. REDCap sio databesi ya mahusiano kwa macho ya mtumiaji. Una fomu ya operesheni inayojirudia na fomu ya odiogramu inayojirudia, lakini hakuna kamba inayofunga odiogramu hii na operesheni ile. Zote zinaning'inia kwa mgonjwa. Kuunganisha inabidi uweke sehemu kwenye odiogramu ya kuandika namba ya operesheni, ajaze mtu kwa mkono, na mtu akichoka anaruka. Na ukitoa data nje kila fomu iliyojirudia inakuja mstari wake, nusu ya safu tupu, daktari asiyejua R au Stata (programu za takwimu) akifungua hiyo anafunga hapo hapo na kukuita. Kuna idara zinakwepa kwa kufanya kila operesheni kuwa rekodi inayojitegemea na namba ya mgonjwa kuwa swali la kawaida ndani yake. Inafanya uchambuzi uwe mwepesi, ila mgonjwa mwenye operesheni 3 sasa yuko mara 3, na akibadilisha simu inabidi ubadilishe mara 3. Nimekaa na njia zote mbili nachagua ya kwanza, rekodi ni mgonjwa, kwa sababu ukweli unabaki mahali pamoja na kuunganisha kunaweza kufanywa na mtu mmoja anayejua, mara moja, kwa skripti.

Jambo la pili, haikuchorei odiogramu. Wapimaji na madaktari wamezoea duara jekundu la kulia na msalaba wa buluu wa kushoto, wanasoma umbo la mstari kwa sekunde 2, ukiwapa namba 16 kwenye viboksi wananuna na wana haki. Unaweza kuambatanisha picha ya karatasi kwenye fomu, ndo tunavyofanya, lakini hiyo picha haihesabiki, namba lazima ziingizwe na mtu, na mtu huyo anakosea, hasa kubadilisha kulia na kushoto. Kuna kipengele cha watu wawili kuingiza data ileile halafu programu inalinganisha, kizuri sana, ila mradi mzima ndo unaingia kwenye utaratibu huo na mikono inahitajika maradufu.

La tatu ni dogo. Mradi ukishahamishwa kutoka hali ya majaribio kwenda hali ya kazi, kubadilisha maswali kunapitia rasimu na mara nyingi admini anaidhinisha kwanza. Watu wanachukia, mi nashukuru. Ukibadilisha maana ya jibu namba 2 katikati ya safari, wagonjwa wote wa zamani waliojaziwa 2 wamebadilishiwa ugonjwa bila kujua.

Kuhusu usiri sina malalamiko. Kila anayeingia ana akaunti yake na haki zake, mpimaji anaweza kuona odiogramu bila kuona jina, kila kilichobadilishwa kinabaki kwenye logi na jina la aliyebadilisha na saa. Majina, simu na namba za faili unaziwekea alama kuwa ni utambulisho, basi ukitoa data kwa ajili ya mtu wa takwimu unachagua ziondolewe, hata tarehe unaweza kuzisogeza kwa kiasi tofauti kwa kila mgonjwa huku nafasi kati ya operesheni na kliniki ikibaki ileile. Linganisha na faili la Excel linalotumwa kwenye WhatsApp likiwa na majina ya wagonjwa. Ile sehemu ya maelezo ya daktari tu ndo muwe nayo makini, jina la mgonjwa likiandikwa ndani ya hadithi alama ya utambulisho haitaliona, kwa hiyo iondoeni nzima kabla ya kutoa data.

Najua mtu atauliza kwa nini tusitumie Access, ile databesi ya Microsoft. Kwa daktari mmoja mwenye kompyuta moja Access inaunganisha majedwali vizuri kuliko REDCap, mgonjwa, sikio, operesheni, odiogramu, kila kitu kinafungwa na mwenzake, na kama kuna mtu wa kuijenga vizuri ni nzuri kweli. Mipaka yake ni Windows, faili lisizidi GB 2, na watu wengi wakiingia kwa pamoja kutoka vyumba tofauti inaanza kusumbua. Kuna programu zilizotengenezwa kwa ajili ya masikio tu, zinachora odiogramu na kila kitu, ukizipata na kuna anayezihudumia zitazameni, ila ulizeni swali moja kabla ya yote: tukiamua kuondoka, tunatoaje data yetu yote na kwa muundo gani? Muuzaji akianza kuzunguka mjue mmeshajibiwa. REDCap unaitoa yote kwa CSV (jedwali la maandishi matupu) au moja kwa moja kwa SPSS, Stata, SAS na R, na orodha ya maswali yote yenyewe ni faili la CSV unaloweza kumpa idara nyingine wakaanza na fomu zenu siku hiyo hiyo.

Mwisho kuhusu mafaili ya zamani, maana kila idara ikianza inataka kuingiza kabati zima. Msifanye hivyo. Anzeni na wagonjwa wa kuanzia leo, waingizwe operesheni inapoisha, na daktari aliyeshika kisu ndo ajaze fomu kabla hajatoka kwenye jengo. Nyuma nendeni kwa kolesteatoma peke yake, wale ambao ukuta wa njia ya sikio uliachwa kwanza, kwa sababu hao ndo ugonjwa unaweza kuwa umejificha nyuma ya ngoma iliyopona vizuri, ingizeni tarehe ya operesheni, upande, simu na mara ya mwisho kuonekana, hayo 4 tu yanatosha kuwaita. Matundu ya kawaida yaliyoziba miaka ile yanaweza kusubiri.